Sura ya Sita: Mkono Unaorekebisha. Matatizo ya Hifadhi na Urejeshaji wa Data Katika Mashine Pepe

Katika kituo cha data cha siku hizi, seva moja ya chuma, yenye prosesa nyingi na kumbukumbu kubwa, huendesha kwa wakati mmoja makumi ya mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu, ambazo kila moja ina mfumo endeshi wake, anwani yake ya mtandao na diski zake, na kila moja hufanya kazi kana kwamba seva nzima ni yake peke yake. Programu inayozigawia mashine hizo vifaa vya chuma na kuzitenganisha huitwa haipavaiza. Wazo lenyewe ni la zamani, kwa kuwa kampuni ya IBM ililitia katika kompyuta zake kubwa na kuutangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Lakini kuenea kwake katika seva za kawaida kulianza baada ya VMware, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1998, kuonyesha kwamba hata prosesa za kompyuta za mezani zingeweza kugawanywa hivyo. Leo mishahara ya watumishi, kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya mitihani na miamala ya benki hukaa kwa sehemu kubwa ndani ya mashine za namna hii.

Hoja ya sura hii ni kwamba hitilafu ya kwanza katika mazingira haya aghalabu haipotezi data. Diski hufa, kebo huchomoka, nafasi hujaa, umeme hukatika, na mara nyingi data bado ipo, kamili au karibu kamili, mpaka pale mtu mwenye nia njema na haraka nyingi anapoanza kurekebisha. Kwa sababu hiyo, ufundi wa kutatua matatizo ya hifadhi ni kwanza ufundi wa kujizuia, kisha ndipo unakuwa ufundi wa amri na vifaa.

Sababu ya hatari hiyo inatokana na umbile la hifadhi yenyewe. Diski inayoonekana ndani ya mashine pepe ni faili tu, au kundi la mafaili, lililowekwa katika ghala la hifadhi ambalo seva kadhaa hulitumia kwa pamoja. Ghala hilo limejengwa juu ya fungu la nafasi lililokatwa kutoka kabati la diski. Na kabati hilo nalo limeunganisha diski nyingi za chuma, zinazofikiwa kwa kebo za faiba au kwa mtandao wa kawaida kupitia swichi na vidhibiti. Kila tabaka husema kweli kuhusu mambo yake na halina habari za matabaka mengine. Mfumo endeshi ulio ndani ya mashine utaripoti kwamba diski yake ina nafasi ya gigabaiti 200, na utakuwa sahihi kwa hesabu zake, ilhali ghala lililoibeba diski hiyo halina hata gigabaiti moja. Kabati litaonyesha taa za kijani kwa kuwa diski zake zote ni nzima, ilhali seva imepoteza njia zote za kulifikia. Mhandisi anayeamini tabaka moja pekee atatibu mahali pasipougua.

Hivyo basi, kabla ya amri yoyote yenye uwezo wa kuandika au kufuta, hatua zinazofaa ni chache na za kuchosha: kusimamisha maandishi mapya katika eneo lililoathirika, kuziacha mashine zilizozimika zibaki zimezimika, kuhifadhi kumbukumbu za matukio kabla hazijafutwa na matukio mapya, na kunakili mafaili yaliyoharibika mahali pengine ili kila jaribio lifanyike juu ya nakala. Pale wakubwa wanapouliza kila baada ya dakika kumi kama mfumo umerudi, saa mbili zinazotumika kunakili faili lililovunjika huonekana kama uzembe. Kwa kweli ndizo saa zenye thamani kubwa kuliko zote katika tukio zima.

Tatizo linaloonekana mara nyingi zaidi ni kujaa kwa ghala, na mzizi wake ni utaratibu wa kugawa nafasi kwa ahadi. Katika utaratibu huo, mashine pepe huahidiwa diski ya, tuseme, gigabaiti 500, lakini ghalani hutengewa kiasi kile tu ilichokwisha kukiandika, na faili lake hukua kadiri data inavyoongezeka. Msimamizi hugawa nafasi kubwa kuliko aliyonayo, kama mwenye basi anayekata tiketi 80 kwa viti 50 akitumaini kwamba wengine hawatasafiri. Utaratibu huo una faida halisi, kwa sababu diski nyingi huwa tupu kwa zaidi ya nusu, na kununua nafasi isiyotumika ni kupoteza fedha. Lakini unahitaji mtu anayetazama hesabu kila siku. Siku ghala linapojaa, haipavaiza husimamisha kila mashine inayodai kipande kipya cha nafasi, huku zile zinazoandika juu ya vipande zilivyokwisha kupewa zikiendelea kama kawaida. Ndiyo maana tukio hili huwachanganya watu: seva tano zimeganda, kumi zinafanya kazi, na zote ziko ghala moja.

Hapo ndipo mkono unaorekebisha huanza kuwa hatari, kwa kuwa jambo la kwanza linalomjia mtu ni kutafuta faili kubwa na kulifuta. Faili kubwa lisilojulikana katika ghala la mashine pepe huenda likawa ndilo lenye data ya miezi mitatu iliyopita. Zipo njia salama zaidi. Haipavaiza ya VMware, kwa mfano, huitengenezea kila mashine inayowashwa faili la kubadilishana kumbukumbu, lenye ukubwa sawa na kumbukumbu ambayo mashine hiyo haikuhakikishiwa, na faili hilo huondolewa mashine inapozimwa. Kuizima kwa utaratibu mashine moja ya majaribio yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64 kunaweza kurudisha nafasi ya kutosha kuzifungua zile muhimu zilizoganda, bila kugusa data ya mtu yeyote. Baada ya hapo mashine zisizo na haraka huhamishiwa ghala jingine. Ikumbukwe pia kwamba kufuta mafaili ndani ya mashine peke yake hakupunguzi ukubwa wa diski pepe, kwa maana mfumo endeshi hufuta jina la faili katika orodha yake na kuviacha vipande vilevile vikihesabiwa ghalani, mpaka itumwe amri maalumu ya kuvirudisha, na amri hiyo ipite katika matabaka yote hadi kwenye kabati.

Jamaa wa karibu wa tatizo hilo ni snapshoti, na huenda hakuna kifaa katika fani hii kinachopendwa na kutoeleweka kwa kiasi kikubwa kama hiki. Snapshoti inapochukuliwa, diski ya awali hufungwa isiandikwe tena, na maandishi yote mapya huelekezwa katika faili la tofauti, ambalo huhifadhi tu vipande vilivyobadilika tangu wakati ule. Ikichukuliwa ya pili, faili la kwanza la tofauti nalo hufungwa na la pili huanzishwa, na hivyo hujengeka mnyororo ambao kila kiungo chake kinategemea vyote vilivyotangulia. Kurudi nyuma baada ya sasisho lililoharibika ni rahisi, na hiyo ndiyo kazi yake halali. Lakini snapshoti si nakala rudufu, kwa sababu haina data kamili: ghala likiteketea, diski ya awali na tofauti zake huteketea pamoja. VMware huruhusu mnyororo wa viungo visivyozidi 32, hushauri viwe viwili au vitatu tu, na hushauri kwamba snapshoti moja isitumike kwa zaidi ya saa 72. Maghala mengi yana snapshoti za mwaka mzima, zilizochukuliwa na mtu aliyekwisha kuhama idara.

Mnyororo mrefu huleta madhara matatu yanayokuja kimyakimya: mashine hupungua kasi kwa kuwa kila usomaji unaweza kupita viungo vingi, nafasi huisha kwa kuwa kila faili la tofauti linaweza kukua hadi kukaribia ukubwa wa diski yenyewe, na kuziunganisha tofauti hizo na diski ya awali huchukua saa nyingi na huhitaji nafasi ambayo pengine haipo tena. Madhara makubwa kuliko hayo hutokea mtu anapoona mafaili yenye majina ya ajabu yanayoishia na 000001 na 000002, akayadhania kuwa takataka na kuyafuta. Au mashine inapokataa kuwaka kwa sababu ya kiungo kilichovunjika, naye akaielekeza kwenye diski ya awali na kuiwasha. Mashine itawaka, na atafurahi. Lakini itawaka ikiwa na hali ya siku snapshoti ilipochukuliwa, na maandishi yake mapya yatabadilisha diski ile ambayo mafaili ya tofauti yaliitegemea ibaki kama ilivyokuwa. Kabla ya kuwasha, mnyororo ungeweza kuungwa tena kwa kusahihisha nambari za utambulisho zinazomfungamanisha mtoto na mzazi katika mafaili ya maelezo. Baada ya kuwasha, data ya muda wa katikati inaweza isipatikane kamwe.

Faili la maelezo linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa tukio moja lilionyesha umuhimu wake kwa namna isiyosahaulika. Katika mfumo wa VMware diski pepe ina sehemu mbili: faili dogo la maandishi, linaloeleza ukubwa wa diski na jina la faili la data, na faili kubwa lenye data yenyewe. Mwanzoni mwa Februari 2023 programu hasidi iliyopewa jina ESXiArgs ilivamia seva za haipavaiza zilizokuwa wazi kwenye intaneti, na mamlaka za Marekani zilikadiria kwamba seva 3,800 ziliathirika duniani. Ilidhaniwa kuwa ilipenya kupitia udhaifu ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Februari 2021. Programu hiyo ilisimba mafaili ili wenyewe wasiweze kuyasoma bila kulipa fidia, lakini katika toleo lake la kwanza mara nyingi ilisimba mafaili madogo ya maelezo na kuyaacha makubwa ya data yakiwa mazima. Wataalamu wawili wa Uturuki, Enes Sonmez na Ahmet Aykac, walionyesha namna ya kuandika upya faili la maelezo kwa kutumia ukubwa wa faili la data, na shirika la CISA la Marekani likageuza njia hiyo kuwa programu ndogo ya kurejesha iliyotolewa bure. Siku chache baadaye wavamizi walibadilisha mbinu na kusimba sehemu kubwa zaidi ya mafaili makubwa. Aliyekuwa amezimisha seva yake na kuiacha ilivyo aliweza kurejeshewa mashine zake. Aliyeharakisha kufuta ghala ili asakinishe mfumo upya alifuta kwa mkono wake data ambayo mvamizi hakuigusa.

Kundi jingine la matatizo huhusu kupotea kwa njia. Seva hulifikia kabati kwa njia zaidi ya moja ili kebo moja ikikatika nyingine ichukue kazi, na haipavaiza hutofautisha hali mbili ambazo kwa mtazamaji hufanana. Katika hali ya kwanza kabati hujibu waziwazi kwamba fungu linaloulizwa halipo tena, na seva hulichukulia kuwa limepotea moja kwa moja. Katika ya pili hakuna jibu lolote kutoka njia yoyote, na seva haijui kama kabati limekufa au linajiwasha upya. VMware huipa hali hii ya pili sekunde 140 kabla ya kuacha kuhangaika na shughuli zake yenyewe za hifadhi, lakini maandishi ya mashine pepe huendelea kujaribiwa. Wakati huo mfumo wa Linux ulio ndani ya mashine, ukichoka kusubiri diski yake, huenda ukaigeuza iwe ya kusomwa tu ili kuilinda. Msimamizi wa programu huona mfumo wake umekataa kuandika, naye hukimbilia amri ya kukarabati mfumo wa mafaili huku njia zikiwa bado zinapotea na kurudi. Ukarabati juu ya hifadhi isiyotulia huandika masahihisho nusunusu, na hapo tatizo la kebo hugeuka kuwa tatizo la data. Njia zitulie kwanza, zithibitishwe kutoka upande wa seva na upande wa kabati, ndipo mashine iwashwe upya na kuchunguzwa.

Kupungua kwa kasi kusiko na sababu inayoonekana hupimwa kwa kutenganisha muda wa kusubiri: sehemu inayotumika katika kifaa na njia zake, na sehemu inayotumika ndani ya haipavaiza yenyewe. Ya kwanza ikizidi milisekunde 20 hivi kwa muda mrefu, uchunguzi uelekezwe kwenye kabati na mtandao wake; ya pili ikizidi milisekunde mbili, foleni ya seva imejaa. Zaidi ya hapo ni kazi ya subira.

Chini kabisa zipo diski za chuma. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeneza mpango wa RAID, unaounganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa data yake iweze kukokotolewa kutoka zilizobaki. Mpango huo umeokoa data nyingi mno, lakini aina yake ya tano, inayovumilia kifo cha diski moja tu, imezidiwa na ukubwa wa diski za leo. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi kosa la usomaji lisilozidi moja katika kila biti trilioni 100, yaani takriban terabaiti 12.5, ilhali fungu la diski nane za terabaiti nne, likipoteza moja, lazima lisome terabaiti 28 bila kosa ili kuijenga upya. Hata kama diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini aina ya sita, inayovumilia vifo viwili, imependelewa. Kuna mtego mwingine usiosemwa vya kutosha: diski mbili zinapotoka katika fungu kwa nyakati tofauti, ile iliyotoka kwanza ina data iliyopitwa na wakati, na mtu anayeilazimisha irudi badala ya ile iliyotoka mwisho huchanganya data ya jana na ya leo katika kila faili. Kumbukumbu za kidhibiti huonyesha mpangilio wa vifo hivyo. Zisomwe kabla ya kubonyeza chochote.

Yote hayo yangekuwa usumbufu tu kama nakala rudufu zingekuwa za kutegemewa, na hapa ndipo fani hii inapojidanganya zaidi. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, alikuwa akijaribu kuurekebisha urudufishaji uliosimama kati ya hifadhidata kuu na ya akiba. Alikusudia kufuta saraka tupu katika seva ya akiba, akafuta katika seva kuu, na alipositisha amri baada ya muda mfupi sana zilibaki gigabaiti 4.5 kati ya 300 hivi. Nakala za kila siku hazikuwepo, kwa kuwa programu iliyozitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata na ilikuwa ikishindwa, huku barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zikikataliwa na seva ya barua. Kilichoiokoa ni snapshoti iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa madhumuni mengine kabisa. Kampuni iliyaeleza hayo yote hadharani, na kwa uwazi huo inastahili heshima, kwa sababu maelezo yake yamefundisha wengi kuliko vitabu.

Si kila nakala mbovu hushindwa kwa sauti. Mwaka 2014 ilibainika kwamba utaratibu wa VMware wa kufuatilia vipande vilivyobadilika, ambao programu za nakala rudufu huutegemea ili zisinakili diski nzima kila usiku, ulitoa orodha isiyo sahihi pale diski pepe ilipokuwa imepanuliwa kupita gigabaiti 128. Kazi za usiku zilikamilika, ripoti zilikuwa za kijani, na nakala zilikuwa na mapengo. Hakuna namna ya kulijua jambo hilo isipokuwa kuirejesha mashine mahali pa pembeni, kuiwasha, na kumwomba mtu anayeitumia kila siku afungue kazi zake. Jaribio hilo pia ndilo linaloonyesha kama nakala ilichukuliwa wakati hifadhidata imetulizwa, au ilichukuliwa katikati ya maandishi, ikiwa na hali ileile ambayo ingekuwepo kama umeme ungekatwa ghafla.

Mahali pa kuweka nakala ni suala la pili. Mei 2024 UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulipoteza mashine zake pepe zilizokuwa katika wingu la Google, baada ya sehemu moja kuachwa wazi wakati wa kuzisanidi na mfumo ukazipa muda wa mwaka mmoja, kisha ukazifuta muda huo ulipoisha. Huduma zilikosekana kwa zaidi ya wiki, lakini data ilirudi kwa kuwa nakala zilikuwa nje ya mazingira yaliyofutwa, nyingine kwa mtoa huduma tofauti. Korea Kusini haikuwa na bahati hiyo: moto uliozuka tarehe 26 Septemba 2025 katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon ulisimamisha mifumo 709 na kuteketeza hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala mahali pengine kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno. Maelezo hayo hayakubaliki. Hifadhi isiyoweza kunakiliwa kwa sababu ya ukubwa wake ilipaswa kugawanywa kabla ya kuruhusiwa kukua.

Linabaki suala la utegemezi wa kuzunguka, ambalo hujitokeza siku ya urejeshaji pekee. Seva ya nakala rudufu mara nyingi huwa mashine pepe ndani ya kundi lilelile inalolinda. Nywila yake hutegemea seva ya utambulisho, nayo pia ni mashine pepe katika kundi hilo. Haipavaiza hulitafuta ghala kwa jina linalotolewa na seva ya majina, iliyomo ndani ya ghala hilohilo. Kundi zima likizimika, hakuna cha kwanza kinachoweza kuwaka. Kwa hiyo seva ya nakala inapaswa kukaa nje ya kundi, ikiwa na akaunti zake zenyewe zisizotegemea utambulisho wa pamoja. Anwani za kabati na za seva za haipavaiza huandikwa kwa tarakimu. Nywila za dharura, ufunguo wa kufungulia nakala zilizosimbwa na mpangilio wa kuwasha huchapwa kwenye karatasi na kufungiwa katika kasha la chuma nje ya jengo. Mpangilio wenyewe huanza na swichi na kabati, hufuata seva za haipavaiza, kisha seva ya majina na ya utambulisho, kisha hifadhidata, na mwisho programu zinazozitegemea. Na kila kituo kinapaswa kuuandika upya kila mara mashine mpya inapoongezwa.